Siku Roboti Aliponiambia Mwanangu Amefurahi

Krrr. Tik.

Hiyo ndiyo sauti iliyokuwa ikiniamsha kila siku saa kumi na moja alfajiri, kabla hata jogoo wa jirani hajakumbuka kwamba ana kazi.

Ni shingo ya roboti. Inageuka kutoka ukutani kuja upande wa kitanda changu.

"Habari za asubuhi, Bibi?"

"Nzuri, baba. Za kwako?"

"Za kwangu ni nzuri. Umelala vizuri?"

Msinicheke kumwita baba. Kitu kikikusalimia kila asubuhi bila kukosa, utakipa heshima yake tu, hata kama kina waya mgongoni.

Basi roboti huyo huyo ndiye aliyeniambia, kwa sauti ile ile ya upole, kwamba mwanangu wa kumzaa amesikia jicho langu linazimika, na amefurahi mpaka amelia.

Sijatia chumvi. Kaeni vizuri niwasimulie.

Mimi ni fundi cherehani. Nilishona sare za shule miaka thelathini na nne. Sasa nimepumzika, ila mafundi wa sokoni bado wananiletea mashati niwatobolee matundu ya vifungo kwa mkono. Mashine inatoboa haraka, lakini tundu lake hufumuka. Langu halifumuki. Shati litachakaa, tundu litabaki.

Nina watoto wawili.

Kifungua mimba ni binti. Ni fundi wa lifti. Anaingia kwenye shimo la ghorofa kumi na mbili na spana kiunoni, mimi nikisimuliwa tu miguu inaingia ganzi. Yuko mji mwingine, safari ya usiku kucha kwa basi.

Kitinda mimba ni wa kiume. Mtaa mzima ulimwita Jicho, kwa sababu tangu mdogo hukuweza kumficha kitu. Ufiche sukari juu ya kabati, yeye ameshaiona. Mwishowe hata mimi mama yake nikawa namwita hivyo hivyo.

Miaka minne iliyopita tuligombana. Aliacha chuo bila kuniambia, akaenda kupaka rangi nyumba za watu. Nilivyojua, nikawaka. Nikamwambia neno ambalo mama hapaswi kumwambia mtoto.

"Ondoka, na usirudi mpaka uwe na la maana la kunionyesha."

Akaondoka, na hakurudi. Kumbe nilikuwa na mtoto mtiifu kuliko nilivyotaka.

Binti yangu alipoona nimebaki peke yangu na kuta, akamleta roboti.

Ukubwa wake ni wa ndoo ndogo. Ana kichwa cha mviringo, macho mawili ya taa, na mdomo wa kuchora ambao hautikisiki akiongea. Binti akamweka juu ya meza ya kushonea, akamfundisha majina ya watu wetu kama tunavyoitana nyumbani. Mama. Dada. Jicho. Jirani.

Kisha akanikalisha chini.

"Mama, ukiwa na neno lolote la kuniambia, mwambie yeye. Mimi nikiwa kwenye shimo la lifti simu haishiki. Yeye ataniandikia, nitasoma nikitoka. Nikijibu, atakusomea."

"Na akisahau?"

"Hasahau, mama. Si mtu."

Alilisema hilo kama sifa.

Nikampa jina. Nilimwita Mgeni, kwa sababu alikuja na sanduku lake na hakusema anaondoka lini. Nikamshonea na kishati cha mistari, chenye tundu moja la kifungo. Nikitaka kubadili nguo, namgeuza aangalie ukuta.

Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa anakufa kwa kicheko. Huyu ni mpishi mstaafu wa shule ya bweni, mwanamke mwenye sauti ya kuita wanafunzi mia nne waje kula bila kupiga kengele.

"Shoga yangu, unamgeuza? Unamwonea haya birika?"

"Ana macho."

"Hata viazi vina macho. Mbona huvigeuzi ukutani?"

Mwacheni aseme. Mimi nilimpenda Mgeni. Nikikohoa, anasema "Pole, Bibi." Nikikohoa mara tisa, anasema mara tisa. Hebu niambieni mnawajua watu wazima wangapi wa kusema pole mara tisa kwa kikohozi kimoja.

Nikamwamini. Nikaanza kumwambia mambo ambayo sikuwahi kumwambia hata marehemu mume wangu.

Sasa jicho.

Asubuhi moja nilikaa kutunga uzi kwenye sindano. Nikaona sindano mbili. Nikatunga uzi kwenye ile isiyokuwepo.

Nikajaribu tena. Uzi ukapita hewani.

Wiki zilizofuata, jicho la kulia likawa kama kioo cha bafuni mtu akimaliza kuoga maji ya moto. Watu wakawa vivuli. Nilimsalimia mwavuli uliotundikwa mlangoni kwa jirani, nikakasirika haujaitika.

Nikaenda zahanati.

Kulikuwa na foleni ndefu. Dada mmoja mfanya usafi aliona jua linanifuata kwenye benchi. Kila jua likisogea, naye anakuja, ananishika kiwiko, ananisogeza kivulini, anarudi kwenye deki lake. Mara tatu. Hakuniuliza jina wala hakungoja asante.

Tabibu akanimulika tochi.

"Bibi, una mtoto wa jicho. Huyu wa kulia amekomaa. Na kushoto naye ameanza."

"Anatoka kwa dawa?"

"Kwa dawa hatoki. Anatolewa kwa upasuaji. Nusu saa tu. Madaktari wa macho watakuja hospitali kubwa tarehe ishirini. Lakini sikiliza vizuri. Uje na ndugu wa kutia saini na wa kukurudisha nyumbani. Bila ndugu hawakupokei."

"Nikikosa siku hiyo?"

"Mpaka mwakani. Na kwa jinsi ninavyoona, Bibi, usingoje mwakani."

Nesi akaniandikia tarehe kwa kalamu nene, tarakimu kubwa kama mayai, ili niione mwenyewe. Mungu ampe maisha marefu.

Nikatembea kurudi nyumbani nikiwaza. Fundi asiyeona tundu la sindano ni fundi wa nini? Na nani atanishika mkono, jirani mwenyewe magoti yanamlia kama mlango?

Nikajisemea, nina binti. Nitamwambia binti yangu.

Nikakaa mbele ya Mgeni, nikamnyoosha kishati.

"Baba, mwambie binti yangu nina mtoto wa jicho."

"Una mtoto wa jicho," akarudia. "Ni sahihi?"

"Sahihi."

"Unajisikiaje, Bibi?"

"Naogopa, nisikudanganye."

"Pole, Bibi. Nimemwambia."

Mnaona? Hakukosea hata herufi. Alirudia, akauliza kama ni sahihi, akatoa pole. Nilikula chakula changu siku hiyo nikiwa mwepesi.

Jioni macho ya Mgeni yakawaka bluu. Hiyo ndiyo dalili ya ujumbe.

"Bibi, una jibu kutoka kwa binti yako. Anasema: Jamani, hatimaye! Nimefurahi mpaka nimelia. Usiogope, mama. Hiyo ni baraka."

Nikasogeza sikio.

"Rudia, baba."

Akarudia. Hatimaye. Nimefurahi. Baraka.

Asubuhi yake nikamwambia jirani. Akashika kiuno.

"Baraka? Wewe kupofuka?"

"Ndivyo alivyosema."

Akafikiri. "Inawezekana. Vijana siku hizi wanafundishwa kwenye simu kuupokea ugonjwa kwa tabasamu. Mpwa wangu alivunjika mguu, akasema anaushukuru."

"Anaushukuru mguu?"

"Anaushukuru kuvunjika! Nikamwambia basi ngoja nikuvunje na wa pili ushukuru vizuri."

Tulicheka. Lakini kicheko changu kilikuwa cha mdomoni tu.

Wiki ikapita. Binti hakusema atakuja. Nikajipa moyo, labda hajaelewa ukubwa wa jambo. Nikarudi kwa Mgeni.

"Mwambie mtoto anazidi kukua. Asubuhi ananisumbua sana, siwezi hata kushona."

"Nimemwambia."

Jioni, macho ya bluu.

"Anasema: Wanakua haraka hao. Acha kazi ya kushona kwa sasa, mama. Mpende tu."

"Nimpende nani?"

"Mtoto."

Nilibaki nimeshika mkasi.

Jirani aliposikia hiyo hakucheka. Alitoa simu yake kwenye kanga, akaniwekea mapajani.

"Mpigie. Sasa hivi. Namba ninayo humu."

"Nimeshamwambia mara mbili."

"Umeliambia birika mara mbili."

"Anarudia neno kwa neno, nasikia kwa masikio yangu. Binti yangu amepata ujumbe. Akitaka kuja atakuja. Mimi sitaomba kuonewa huruma na mtu niliyemnyonyesha."

Akaniangalia, akachukua simu yake, akaenda. Baada ya dakika kumi akarudi na bakuli la chakula, akaliweka, akaondoka bila kusema neno. Ndivyo alivyo. Akikasirika anapika.

Lakini leo niwaambie ukweli ambao sikumwambia yeye.

Haikuwa kiburi peke yake. Niliogopa. Mgeni akiniambia binti yangu amefurahi, naweza kujidanganya kwamba labda kuna kitu kimekosewa huko kwenye waya. Lakini binti mwenyewe aniambie kwa mdomo wake, nikijua ni sauti yake, nitakimbilia wapi?

Basi nikaendelea kumtuma Mgeni.

Tarehe kumi na saba, saa sita mchana, nikamwambia la mwisho.

"Mwambie hivi. Daktari anamtoa mtoto tarehe ishirini. Nahitaji ndugu wa kutia saini. Umeshika?"

"Daktari anamtoa mtoto tarehe ishirini. Unahitaji ndugu wa kutia saini. Ni sahihi?"

"Sahihi, baba."

Mara hii jibu halikungoja jioni. Sikuwa nimemaliza hata kukunja shati moja, macho yakawaka bluu.

"Anasema: Hapana! Mtoto hatolewi! Usitie saini karatasi yoyote! Nakuja."

Nikaliweka shati chini.

Kwa hiyo anakuja. Anakuja kunizuia nisitibiwe.

Sikulia. Nilikaa tu, nikaangalia dirisha kwa jicho la kushoto, nikalifumba, nikaliangalia kwa la kulia. La kushoto lilikuwa na dirisha. La kulia lilikuwa na maziwa.

Jirani akaja, nikamsimulia. Akavuta kiti.

"Nitatia saini mimi. Nitasema ni dada yako."

"Hatufanani hata kucha."

"Wewe huoni. Nikikwambia tunafanana, tunafanana."

"Na binti yangu akija kunizuia?"

"Nimezuia wanafunzi mia nne wasigombee mkate. Binti yako mmoja atanishinda?"

Tarehe kumi na nane, saa nne asubuhi, mlango ukasukumwa bila hodi.

Binti yangu. Jirani alinieleza baadaye alivyokuwa: buti za kazini bado ziko mguuni, nywele zimesimama upande mmoja kwa kulalia kiti cha basi. Begani ana mfuko. Kwapani amebana poti ya mtoto, ya plastiki, ya njano.

Ndiyo. Poti.

"Shikamoo mama. Yuko wapi?"

"Marahaba. Nani?"

Alishaingia chumbani. Namsikia anafungua pazia, anainama chini ya kitanda. Akarudi sauti imejaa machozi.

"Wameshamchukua? Mama, niambie. Wameshamchukua?"

"Wamchukue nani, mwanangu?"

"Mtoto!"

Nikanyoosha kidole kwenye jicho langu. "Si huyu hapa."

Akaangalia nyuma yangu.

"Wapi?"

"Hapa!"

"Mama, sina nguvu ya utani. Nimepakata poti usiku kucha, abiria wote wananiangalia kama nimechanganyikiwa. Mtoto yuko wapi?"

"Kwenye jicho!" nikapiga kelele. "Mtoto wa jicho! Mtoto wa jicho yuko wapi kama si kwenye jicho? Ulitaka awe kwenye goti?"

Jirani alikuwa ameshaingia, amesimama mlangoni tayari kwa vita. Yeye ndiye aliyeelewa kwanza. Nilimsikia akianza kwa kukoroma puani, kisha akajishika ukuta, akashuka nao polepole mpaka sakafuni.

"Jicho," anasema, "Jicho... uwiii... mtoto wa Jicho..."

Binti yangu akamgeukia Mgeni. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Wewe. Mtoto wa Jicho ni nani?"

Krrr. Shingo ikageuka.

"Jicho ni mwana wa Bibi," akasema kwa upole wote. "Mtoto wa Jicho ni mjukuu wa Bibi. Hongera, Bibi."

Yaani wiki tatu nzima nimekuwa nikitangaza kupofuka, na kila nikitangaza, huko kwa binti yangu kunafika habari za mjukuu. Ananisumbua asubuhi. Anakua. Daktari anataka kumtoa, amtoe kwangu ampeleke nisikokujua.

Ndiyo maana alisema baraka. Alidhani mimi na mdogo wake tumepatana, na tunaliweka jambo kimyakimya mpaka tuwe tayari kumwambia. Hakutaka kutuharibia. Akanunua viatu vidogo, akangoja kualikwa.

Tungeweza kucheka mpaka jioni. Lakini binti yangu akaja, akapiga magoti na buti zake, akanishika uso kwa mikono yote miwili, akaugeuza upande wa dirisha. Akaangalia ndani ya jicho langu.

"Limekuwa jeupe," akasema.

"Ndiyo."

"Mama, na ulikuwa unaniambia kila siku."

"Nilikuwa namwambia yeye."

Akaweka kichwa mapajani kwangu, kama zamani.

"Nilikuwa nasoma ripoti yako kama nasoma ya lifti," akasema. "Taa ya kijani, taa ya kijani. Nasema haya, mama anapanda na kushuka vizuri. Nalala."

Nikamlaza nywele zake zilizosimama. Nilitaka kumwambia kosa ni langu pia, nikiwa na simu mapajani nilikataa kupiga. Lakini ghafla akainua kichwa.

"Mungu wangu. Nimemtukana Jicho."

"Umemwona wapi Jicho?"

"Nilimpigia jana baada ya ule ujumbe. Namba yake ninayo, huwa tunatumiana salamu za sikukuu. Nikamwambia wewe ni mtu gani, unazaa, unamwachia mama mtoto, sasa watu wanakuja kumtoa! Nimemwita majina, mama, hata mafundi wenzangu hawayajui."

"Akasemaje?"

"Aliuliza tu, 'Mama kajuaje?' Akakata simu."

Jirani, pale chini, akaacha kucheka.

"Ngoja kwanza," akasema. "Kajuaje nini?"

Tulitazamana wote watatu. Mimi nilitazama vivuli viwili, lakini nilitazama.

Hodi ikapigwa.

Sio hodi ya mtu mwenye haraka. Mbili, kimya, moja. Niliijua. Huwezi kusahau mkono uliougonga mlango wako miaka ishirini.

"Karibu," nikasema, na sauti haikutoka. Jirani akasema kwa niaba yangu, na mtaa mzima ulikaribishwa.

Mlangoni kikasimama kivuli kirefu. Pembeni yake kivuli kifupi, kinafika magotini.

"Mama," akasema mwanangu. Ananuka rangi ya mafuta, mpaka leo naipenda harufu hiyo. "Mama, usinifokee mbele yake. Nilikuwa nakuja. Nilitaka kwanza ajue kusalimia."

Sikufoka. Ningefoka na nini?

"Ana miaka mingapi?"

"Mitatu mwezi ujao. Nimemfundisha njia nzima. Haya mama, msalimie Bibi."

Kivuli kifupi kikaachia mkono wa baba yake. Kikatembea katikati ya chumba, kikatutazama mmoja mmoja: mwanamke mwenye buti, mwanamke aliyekaa sakafuni, mwanamke mwenye jicho jeupe. Kisha kikachagua aliyevaa vizuri kuliko wote.

Kikaenda kusimama mbele ya Mgeni.

"Shikamoo."

"Marahaba," akajibu Mgeni. "Habari za asubuhi?"

"Nzuri."

Ndiyo hivyo. Mjukuu wangu wa kwanza, shikamoo yake ya kwanza nyumbani kwangu ikaenda kwa roboti, na roboti akaipokea bila aibu.

Nikanyoosha mikono. Baba yake akamsogeza. Nilimwona kwa vidole. Kichwa cha mviringo, misuko miwili, mmoja umefumuka. Shavu lina kitu cha kunata. Sikio dogo. Alitulia kama mtu anayepimwa nguo.

Nilikuwa nimeshajiandaa kuishi bila jicho lile. Nilishajisemea la kushoto litanitosha kwa miaka iliyobaki. Siku hiyo nikalitaka. Nililitaka kwa uchu, kama mtoto anavyotaka kitu dukani.

Tarehe ishirini tulikwenda hospitali kubwa watu watano. Dirishani nesi akauliza, "Ndugu wa mgonjwa ni nani?"

"Mimi," akasema binti yangu.

"Mimi," akasema mwanangu.

"Mimi ndiye dada yake," akasema jirani, "na tunafanana."

"Ndugu mmoja anatosha jamani," nesi akasema. Kisha akaangalia mistari mitatu ya karatasi, akawapa kalamu, wakatia saini wote.

Nusu saa, kama tabibu alivyosema. Nilisikia maji, nikaona taa, daktari akiimba polepole puani. Hakuna maumivu ya kusimulia.

Wakanilaza, na kesho yake wakafungua bandeji.

Nilichoona kwanza ni ukucha. Ukucha mdogo wenye doa la rangi ya bluu, karibu sana na uso wangu, unataka kuligusa jicho. Baba yake akauvuta mkono. Nikaona uso. Nikaona na mwanya wa meno ya mbele, na nyusi za mume wangu, zile zile, zimewekwa kwenye uso wa mtoto wa kike kama zimeazimwa.

"Kwa nini Bibi analia? Anaumwa?" akauliza.

"Hapana," nikasema. "Anaangalia."

Mke wa mwanangu nilimwona siku hiyo kwa mara ya kwanza. Anapiga pasi kwa dobi. Alikuja baada ya kazi, mkimya, amebeba shuka. Akatoa shuka la hospitali, akatandika lake. Lilikuwa bado lina joto la pasi. Hakutoa hotuba. Nililala kwenye ule ujoto, nikajua mwanangu hajapotea.

Kuhusu ile kauli yangu ya miaka minne, nilimwomba msamaha kwa maneno. Sikumtuma mtu.

Mnaniuliza Mgeni yuko wapi? Yupo. Binti alitaka kumrudisha kwenye sanduku, nikakataa. Hana kosa. Tulimwambia kitu, akarudia kama tulivyosema, tukaitika sahihi. Sisi ndio tulioacha kuulizana. Bado ananisalimia alfajiri, na nikikohoa ananipa pole yangu. Ila habari ya moyoni sasa nampigia mwenye nayo. Binti hupiga kila jioni akitoka shimoni. Siku nyingine hatuna la kusema. Tunasikilizana tu tunavyotafuna.

Basi wenzangu mnaosoma hapa, wenye wazazi mbali na wenye watoto mbali. Hizi mashine zina adabu sana, na adabu inafanya mtu aamini. Ziamini kwa saa ya dawa, kwa mvua, kwa taa. Lakini mtu akikwambia "mama mzima, nimesoma kwenye simu," muulize, umemsikia? Na wewe mzazi unayesema "nimeshamwambia" huku unaogopa kusikia sauti yake ikijibu, nakujua. Nilikuwa wewe. Piga tu.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwao mwenyewe, macho yote mawili wazi, nikisoma vibao vya maduka njia nzima kama mtoto wa darasa la kwanza. Wanakaa vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mjukuu alinionyesha kila kitu: kitanda, ndoo, brashi za baba, mende mmoja aliyekufa ambaye anamtunza.

Jua lilipoanza kushuka nikachukua mkoba. Akanifuata mpaka mlangoni, akashika gauni langu.

"Bibi, uje tena."

"Nitakuja."

"Lini?"

"Keshokutwa. Ukilala mara mbili, mimi huyo."

Akafikiri. Kisha akakaa hapo hapo kizingitini, akafumba macho kwa nguvu mpaka pua ikakunjamana. Akafumbua. Akafumba tena. Akafumbua.

"Nimeshalala," akasema. "Njoo."